Tuan Guru, Bwana Mwalimu wa Rasi

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa chama chetu imeonekana vema kuweka maisha ya mtu mmoja ambaye hakupata kufika katika nchi zetu hizi, wala hakusema lugha yetu, lakini kazi aliyoifanya yatuhusu sana. Mtu huyo ni Imamu Abdullah bin Kadhi Abdus Salaam, ambaye Waislamu wa Cape Town, Afrika ya Kusini, wamjua zaidi kwa jina la Tuan Guru. Maana ya maneno hayo katika Kimalayu ni Bwana Mwalimu.

Twasikia mara nyingi khabari za kuhifadhi mitaa ya kale, misikiti ya kale na makaburi ya wazee. Wengi hudhani kwamba hiyo ni kazi ya serikali na ya watu wa majumba ya makumbusho, na kwamba sisi wengine wajibu wetu ni kutazama tu. Maisha ya Bwana Mwalimu huyu, na mambo yaliyoupata mtaa wake baada ya kufa kwake, yaonyesha kinyume cha hayo. Yeye alianza kwa elimu, akafuatisha chuo, kisha msikiti. Nyumba na mitaa zikafuata nyuma. Na zaidi ya miaka 200 baadaye, watu walipokusanyika kuutetea mtaa ule, walijikuta wameshika kamba ile ile aliyoisokota yeye.

Kuzaliwa kwake na kuhamishwa kwake

Tuan Guru alizaliwa mwaka 1712 katika kisiwa cha Tidore, kimoja katika Visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali ya nchi ambayo leo yaitwa Indonesia. Visiwa hivyo ndivyo vilivyojulikana dunia nzima kwa karafuu, na karafuu hiyo ndiyo iliyowaleta Waholanzi huko na merikebu zao na mizinga yao. Baba yake alikuwa kadhi, na ukoo wake ulikuwa ukoo wa watawala wa Tidore. Wajukuu zake wamepokea khabari kwamba asili yao ya mbali yatoka kwa masultani wa Moroko. Basi alilelewa katika nyumba ya elimu na ya cheo, akahifadhi Kurani yote moyoni, na akasoma fikihi kwa madhehebu ya Imamu Shafii, madhehebu ambayo ndiyo yetu sisi watu wa Afrika ya Mashariki.

Kampuni ya Kiholanzi ya Bara Hindi ya Mashariki ilikuwa na desturi ya kuwakamata watu wakubwa walioshukiwa kuipinga, na kuwapeleka mbali ambako hawangeweza kurudi. Mahali pamoja pa uhamisho huo palikuwa Rasi ya Tumaini Jema. Tuan Guru alishitakiwa kwamba alikuwa na shauri na Waingereza juu ya Waholanzi, akafungwa pamoja na wenziwe watatu. Tarehe 6 Aprili 1780 walifikishwa Cape Town wakiwa mahabusu wa dola. Umri wake ulikuwa umefika miaka 68. Katika umri huo watu wengi hungoja kuhudumiwa na watoto wao. Yeye alishushwa katika nchi ngeni yenye baridi, hana ndugu wala mali, akavushwa kwenda kufungwa katika kisiwa cha Robben kilichoko mbele ya bandari.

Vitabu vilivyoandikwa kifungoni

Hapana shaka kwamba mtu mwingine angalikata tamaa. Tuan Guru aliomba karatasi na wino. Akiwa mahabusu, kutoka moyoni tu bila ya kuwa na msahafu wa kunakili, aliandika Kurani Tukufu kwa mkono wake. Misahafu kadhaa ya mkono wake yatajwa, na mingine ipo hata leo. Aidha mwaka 1781 alimaliza kitabu kikubwa cha kurasa zaidi ya 600, alichokiita Maarifatul Islami wal Imani. Kitabu hicho alikiandika kwa Kiarabu na kwa Kimalayu kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyokuwa wakiandika Kiswahili. Ndani yake mlikuwa na hukumu za ibada na itikadi ya Ahlu Sunna, pamoja na zile Sifa Ishirini za Mwenyezi Mungu ambazo watoto wa vyuo vyetu vya zamani walizisoma pia.

Faida ya kitabu hicho yafahamika tukikumbuka hali ya Waislamu wa Rasi siku zile. Walikuwako watumwa waliotoka Java na Maluku, Bengal na Ceylon, Madagaska na Msumbiji. Wengi walikuwa wamezaliwa katika Uislamu na wengine wameupokea utumwani, lakini hawakuwa na lugha moja wala kiongozi mmoja. Elimu yao ilikuwa katika vichwa vya wazee wachache, na kila mzee aliyekufa alikwenda nayo. Tuan Guru aliwapa maandishi. Kwa muda wa karne nzima baadaye, kitabu chake kilinakiliwa na kusomeshwa, na Waislamu wa Cape Town walipogombana katika jambo la dini walikirejea.

Chuo na msikiti

Alifunguliwa mnamo mwaka 1793, akiwa na miaka zaidi ya 80. Hakupewa merikebu ya kumrudisha kwao. Akakaa Cape Town, akaoa, akapata watoto wawili wa kiume, Abdul Rakib na Abdul Rauf, na maskani yake yakawa katika Mtaa wa Dorp, chini ya kile kilima kiitwacho Signal Hill.

Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kufungua chuo. Jirani katika mtaa huo alikuwako mtu aliyeitwa Coridon wa Ceylon, mtumwa aliyepata uhuru wake, ambaye ahesabiwa kuwa katika Waislamu wa kwanza kumiliki kiwanja katika mji ule. Nyumba ya Coridon ilikuwa na ghala, na ghala hiyo ndiyo iliyofanywa chuo. Wakaingia watoto wa watu huru na watoto wa watumwa, wakaketi mkeka mmoja. Bwana zao Wakristo walikuwa na shule zao, lakini mtoto wa mtumwa hakuwa na mahali pengi pa kujifunzia kusoma na kuandika. Kwa Tuan Guru alipapata. Chuo hicho kilikua hata baada ya mwalimu mwenyewe kufa: mwaka 1825, wakati tume ya serikali ilipouliza khabari zake, wanafunzi walikuwa karibu 500.

Likabaki jambo la msikiti. Chini ya utawala wa Kampuni, ibada ya hadhara ya dini yo yote isiyokuwa ya kanisa la Waholanzi haikuruhusiwa. Hata Wakristo wenzao wa madhehebu ya Kilutheri hawakupata ruhusa ya kanisa lao mpaka karibu na mwaka 1780. Tuan Guru aliomba mahali pa kujenga msikiti, akakataliwa. Ndipo alipowaongoza Waislamu kwenda kusali sala ya Ijumaa katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, katika mtaa wa Chiappini, chini ya mbingu tupu. Hawakuwa na ukuta wala dari, lakini sala ilisimama, na mji mzima ukaiona.

Haikupita muda mrefu ghala ile ya Mtaa wa Dorp ikageuzwa kuwa msikiti, nao ukaitwa Msikiti Auwal, yaani wa Kwanza. Waislamu wa Cape Town wahesabu mwaka 1794 kuwa ndio mwanzo wake, nao ndio msikiti wa kwanza katika Afrika ya Kusini. Tuan Guru akawa imamu wake. Waingereza walipoitwaa Rasi mwaka 1795 ukali wa sheria ulipungua. Na Waholanzi walipoirudia kwa muda mfupi, Kamishna de Mist alitoa amri, tarehe 25 Julai 1804, iliyotambua haki ya kila dini kuabudu. Lakini yafaa kukumbuka kwamba Waislamu hawakuingoja amri hiyo ndipo wasali.

Kiwanja cha msikiti kilikuwa mali ya Coridon. Alipokufa kilikwenda kwa mkewe Trijn, na baada yake kwa binti yao Saartjie. Bibi huyu aliolewa na Achmat wa Bengal, ambaye naye alikuja kuwa imamu. Saartjie ndiye aliyeacha wasia kwamba mahali pale paendelee kuwa msikiti. Basi wanaume walihutubu na kusomesha, lakini hati ya kiwanja ilihifadhiwa na mkono wa mwanamke, binti wa mtumwa aliyeachwa huru. Jambo hili halifai kusahauliwa katika majilisi yo yote yasimuliwamo khabari za msikiti ule.

Kufa kwake

Tuan Guru alifariki dunia mwaka 1807, akiwa na umri wa miaka 95. Kabla ya kufa aliandika wasia, akamweka Imamu Abdulalim kushika nafasi yake, kwa kuwa watoto wake mwenyewe walikuwa bado wadogo. Hakutaka uimamu uwe kiti cha kungojewa na mtoto huku msikiti ukilala. Baadaye mwanawe Abdul Rauf alikua, akasoma, akawa imamu wa msikiti mwingine wa mtaa ule, Nurul Islam.

Alizikwa katika makaburi ya Tana Baru, maana yake Ardhi Mpya, mteremkoni mwa Signal Hill. Ardhi hiyo Waislamu walikuwa wamepewa mwaka 1805, nayo ilikuwa ya kwanza kuwa yao kwa haki ya sheria. Kaburi lake lipo hapo hata leo, na watu hulizuru.

Mtaa uliokua juu ya kazi yake

Utumwa ulipokomeshwa katika Rasi, kwa sheria ya mwaka 1834 iliyotimia mwaka 1838, watu wengi walioachwa huru walitaka kukaa karibu na msikiti na karibu na chuo. Wakajaa katika vijumba vya mteremko ule, ambavyo baadhi yake vilikuwa vimejengwa tangu miaka ya 1760 kwa ajili ya kupangishwa. Mtaa ukaitwa Bo-Kaap, yaani Kepu ya Juu. Walikuwako mafundi seremala, waashi, washonaji na wavuvi. Wakaanza kuiandika lugha ya huko, ambayo baadaye iliitwa Kiafrikana, kwa herufi za Kiarabu walizojifunza katika vyuo. Na kitabu cha dini cha Sheikh Abu Bakr Effendi, kilichoandikwa hivyo, kilipigwa chapa mwaka 1877.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuja juu ya makaburi. Baada ya ugonjwa wa ndui wa mwaka 1882, serikali ilitoa sheria ya afya, na mwezi wa Januari 1886 makaburi ya Tana Baru yakafungwa. Waislamu waliona kwamba wanatengwa na wazee wao. Siku mbili baadaye watu wapatao 3,000 walifuata jeneza la mtoto mpaka Tana Baru wakamzika humo, wakapambana na polisi. Kiongozi wao Abdol Burns alishitakiwa akafungwa. Makaburi hayakufunguliwa tena, lakini pia hayakusahauliwa. Miaka mingi baadaye, ilipoonekana kwamba ardhi ile yaweza kuuzwa na kujengwa, maimamu, wazee wa mtaa na wenye hati za viwanja vile walikaa pamoja, wakaiweka ardhi chini ya wadhamini ili isijengwe. Kila chama kilikuwa na msikiti wake na mashehe wake, na hawakuwa wakikubaliana katika kila jambo. Juu ya makaburi walikubaliana.

Mtihani wa pili ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu ulikuja umevaa nguo ya ihsani. Katika miaka ya 1940 baadhi ya watu wenye elimu, Wazungu pamoja na Waislamu, walisimama kuzuia nyumba za kale za Bo-Kaap zisibomolewe, na baadhi zikatengenezwa. Mwaka 1966 sehemu ya mtaa ilitangazwa kuwa ukumbusho wa taifa. Lakini ilikuwa ni zama za ubaguzi wa rangi. Kwa sheria ya maeneo ya makabila ya mwaka 1950, Bo-Kaap ilifanywa mahali pa wale walioitwa Wamalayu peke yao, na majirani zao Wakristo na wengineo, waliokuwa wamekaa nao vizazi na vizazi, wakalazimishwa kuhama. Mwaka ule ule wa 1966 mtaa wa jirani, District Six, ulitangazwa kuwa wa Wazungu; watu wapatao 60,000 wakaondolewa na nyumba zao zikavunjwa, ikabaki misikiti na makanisa yamesimama katika uwanda mtupu. Basi kuta za Bo-Kaap zilihifadhiwa, lakini ujirani ulikatwa kwa kisu. Huo haukuwa uhifadhi timamu. Tuan Guru aliwaketisha Mbengali, Mjava na mtu wa Msumbiji katika mkeka mmoja. Serikali ile ilitaka kuhifadhi mkeka na kuwafukuza walioukalia.

Mtihani wa tatu ulikuja baada ya uhuru wa mwaka 1994. Sasa hapakuwa na sheria ya kuwafukuza watu, lakini palikuwa na fedha. Nyumba zilizopakwa rangi za kupendeza ziliwavuta watalii. Bei za viwanja zikapanda, na kodi za baraza la mji zikapanda pamoja nazo. Wazee wenye pensheni ndogo wakaanza kuuza. Majengo marefu yakaanza kupangwa kuuzunguka mtaa. Mwaka 2018 watu walisema basi. Chama cha wakaazi, maimamu, wanawake na vijana walishirikiana. Katika mwezi wa Ramadhani vijana walitandika mikeka barabarani wakafuturu hadharani, majirani na wageni pamoja nao. Mwezi wa Novemba wakaazi walisimama njiani kuuzuia mtambo wa kuinulia mizigo usipite kwenda mahali pa ujenzi, na polisi wakaja. Si kila shauri walilolipeleka mahakamani walilishinda. Lakini mwezi wa Machi 2019 Baraza la Mji wa Cape Town liliuweka mtaa chini ya kanuni za ulinzi wa urithi, na mwaka huo huo serikali ilitangaza mahali 19 katika Bo-Kaap kuwa urithi wa taifa.

Msahafu katika dari

Liko jambo moja zaidi la kusimulia. Katika miaka ya 1980 mafundi waliokuwa wakitengeneza Msikiti Auwal walikuta katika dari mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na karatasi kuukuu zilizojaa vumbi, hazikuwa na nambari za kurasa wala hazikufungwa. Zilikuwa msahafu ulioandikwa kwa mkono wa Tuan Guru. Waliohifadhi Kurani katika mji ule walifanya kazi kwa muda wa miaka mitatu kupanga karatasi zile, aya baada ya aya, mpaka ukakamilika. Kisha watu walijaribu kuuiba, ndipo ukawekwa katika kabati madhubuti mbele ya msikiti, risasi haipenyi wala moto haupenyi.

Na tutazame jinsi jambo hili lilivyo la ajabu. Msikiti wenyewe ulianguka kwa sehemu kubwa katika miaka ya 1930 ukajengwa upya. Za asili zimebaki kuta mbili tu. Mawe yaliporomoka, karatasi ikabaki. Na karatasi ile isingalikuwa na faida kama wasingalikuwako watu walioihifadhi Kurani vifuani, wakaweza kuzipanga kurasa zisizo na nambari. Watu hao walitoka wapi? Walitoka katika mfululizo wa vyuo ulioanza katika ghala ya Coridon mwaka 1793. Mwalimu aliwahifadhia watu elimu, na watu wakamhifadhia mwalimu kitabu chake.

Yatuhusuyo sisi

Sisi tulio katika nchi hizi za bara tuna mitaa yetu pia. Buyenzi katika Bujumbura, Nyamirambo katika Kigali, Kasongo katika Kongo: kila mmoja una misikiti ya kale, makaburi ya mashehe, na masanduku ya vitabu vya khati yaliyowekwa juu ya kabati na kusahauliwa. Kiwanja cha msikiti huu kina hati kwa jina la marehemu fulani. Warithi wake wametawanyika. Makaburi yale hayana ua, na kila mwaka nyumba mpya yasogea hatua moja. Chama hiki chasema kimoja, na chama kile chasema kingine, na wakati huo mchwa wala msahafu.

Maisha ya Tuan Guru yatufundisha kwamba kuhifadhi mtaa hakuanzi kwa rangi na chokaa. Kwaanza kwa mwalimu aliye na wanafunzi, kwa wasia ulioandikwa ukaeleweka, kwa hati iliyotunzwa na mtu mwaminifu, awe mwanamume au mwanamke, na kwa watu wa misikiti mbalimbali kukubali kukaa baraza moja kwa ajili ya wafu wao na kwa ajili ya watoto wao. Mambo hayo yakiwapo, ukuta ukianguka utajengwa tena. Yasipokuwapo, hata ukuta uliosimama huwa ni wa wageni kuutazama.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Abdullah bin Kadhi Abdus Salaam, na awarehemu Coridon, Trijn na Saartjie, na wote waliolala Tana Baru. Na atujaalie sisi tuyatunze yaliyo mikononi mwetu kabla hatujaulizwa juu yake. Amin.